John Barry, mtunzi wa muziki wa filamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

John Barry alitunga muziki wa filamu mbili zilizoipeleka Kenya kwenye kumbi za sinema duniani kote, *Born Free* na *Out of Africa*. Wengi wetu Afrika Mashariki tunaujua muziki huo bila kulijua jina la aliyeutunga. Yafuatayo ni maswali yanayorudi kila anapotajwa. Mwenye haraka aanzie sehemu ya Kenya. Nimeiandika kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayozua mabishano, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi alikuwa mtunzi wa namna gani.

## Alikuwa nani

John Barry ni nani?

Ni Mwingereza aliyetunga muziki wa filamu kwa miaka zaidi ya arobaini, kuanzia 1960 hadi 2001. Alizaliwa York, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 3 Novemba 1933, na jina lake kamili lilikuwa John Barry Prendergast. Alifariki New York tarehe 30 Januari 2011 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 77.

Wengi humjua kwa filamu za James Bond, ambazo alizitungia muziki mara 11. Watu wa fani yake humtaja kwanza kwa tuzo tano za Oscar (tazama sehemu ya tuzo).

Alisomea muziki chuo gani?

Hakupitia chuo cha muziki. Elimu yake aliiokota sehemu tatu tofauti, na ukizijua utauelewa muziki wake.

Ya kwanza ni nyumbani. Baba yake, mtu wa asili ya Ireland, alimiliki kumbi kadhaa za sinema na maonyesho kaskazini mwa Uingereza, na mama yake alikuwa mpiga piano. Mtoto huyu alikulia ukumbini. Alijifunza kuendesha projekta akiwa bado kijana mdogo, akaziona filamu zilezile mara nyingi mno hata akaanza kutambua ni wapi muziki unaisaidia picha na ni wapi unaiharibu.

Ya pili ni kanisani. Alifundishwa utunzi na Francis Jackson, mpiga kinanda wa kanisa kuu la York. Sauti zile nene zinazopanda taratibu, utakazozisikia katika kazi zake nyingi, zina harufu ya kanisa.

Ya tatu ni jeshini. Alipokwenda kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, alipelekwa Misri na Cyprus, akapiga tarumbeta katika bendi. Wakati huohuo alisoma upangaji wa muziki wa jazi kwa njia ya posta, mwalimu wake akiwa Bill Russo, aliyekuwa mpangaji wa muziki katika okestra ya Stan Kenton huko Marekani.

Aliingiaje kwenye filamu?

Kwa mlango wa muziki wa vijana. Mwaka 1957 aliunda bendi iliyoitwa John Barry Seven, ikapata nafasi kwenye televisheni ya BBC. Huko akakutana na mwimbaji Adam Faith, akawa mpangaji wa nyimbo zake. Katika wimbo wao wa 1959 uliofika namba moja Uingereza, fidla hazivutwi kwa upinde. Zinadonolewa kwa vidole, na sauti yake ni ya kurukaruka. Faith alipopewa nafasi katika filamu ya *Beat Girl* (1960), Barry akapewa muziki wake. Hakutazama nyuma tena.

Zile nyimbo za Bond aliimba yeye?

Hapana. Mtunzi wa filamu hutunga na mara nyingi huongoza okestra, lakini mwimbaji ni mwingine, na maneno huandikwa na mtu wa tatu. Shirley Bassey aliimba nyimbo kuu za *Goldfinger*, *Diamonds Are Forever* na *Moonraker*. Louis Armstrong aliimba "We Have All the Time in the World", kwa maneno ya Hal David. Sura ya Barry mwenyewe unaweza kuiona mwishoni mwa *The Living Daylights* (1987), akiongoza okestra jukwaani.

## Kazi yenyewe ilivyo

Mtunzi wa filamu anaingia lini kwenye kazi?

Kwa kawaida mwishoni, picha zikiwa zimeshapigwa na kuhaririwa. Mtunzi na mwongozaji hukaa pamoja, wakaitazama filamu yote na kukubaliana: hapa muziki uingie, hapa utoke, hapa pabaki kimya. Kila kipande hupewa muda wake kwa sekunde. Filamu ya sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja, kwa hiyo mtunzi anajua kwa uhakika mlango utafungwa lini na machozi yatadondoka lini. Baada ya hapo hubaki wiki chache tu za kuandika. Siku ya kurekodi, okestra hukaa studio na kiongozi wake huitazama filamu kwenye skrini huku akisikia mdundo wa kuhesabia masikioni.

Kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalijui. Kabla mtunzi hajaitwa, mhariri huwa ameshaweka muziki wa kuazima ili filamu isiwe bubu. Mwongozaji huuzoea muziki huo, akaupenda, na mtunzi anapofika anakuta kiti chake kimeshakaliwa. Ugomvi mwingi kati ya waongozaji na watunzi chanzo chake ni hapo. *Out of Africa* ni mfano mzuri, na nimeueleza chini.

Kwa nini muziki wake unakwenda polepole sana?

Kwa sababu aliamini picha ikiwa na haraka, muziki hauna haja ya kukimbizana nayo. Wimbo wa Barry mara nyingi ni sentensi fupi ya noti chache, inarudiwa ikiwa imepandishwa kidogo, kisha inateremka kupumzika. Fidla hubeba wimbo. Pembe hujibu kwa chini. Filimbi nzito hupita katikati. Hakuna ala inayotaka kujionyesha.

Msikilizaji aliyelelewa na taarabu ya Unguja hapati shida hapa: sikio lake limeshazoea fidla nyingi kubeba wimbo mmoja bila papara, na halichoki kusubiri.

Lawama inayomfuata ni kwamba kazi zake za baadaye zinafanana. Ni kweli zinafanana, hasa kuanzia *Somewhere in Time* (1980). Ila wanaosema alijua mwendo mmoja tu hawajasikiliza kazi za miaka ya 1960. *The Ipcress File* (1965) ina ala ya nyuzi ya Hungaria inayogongwa kwa vijiti vidogo, na mlio wake mkavu unakufanya umshuku kila anayepita kwenye picha. *The Lion in Winter* (1968) ina kwaya inayoimba Kilatini. Katika *Midnight Cowboy* (1969) mzigo wote wa upweke wa New York umebebwa na harmonika ya Toots Thielemans.

Alitumia ala za umeme?

Ndiyo, tena mapema. Katika *On Her Majesty's Secret Service* (1969) utasikia sinthesaiza ikinguruma chini ya okestra. Lakini hadi mwisho wa maisha yake nguzo ya kazi yake ilikuwa okestra ya watu, hasa nyuzi.

## James Bond

Je, muziki maarufu wa James Bond ni wake?

Kisheria mtunzi ni Monty Norman. Aliajiriwa kutunga muziki wa *Dr. No* (1962), na wimbo ule wa gitaa ulitokana na wimbo wake wa zamani aliokuwa ameutungia mchezo wa jukwaani. Watayarishaji hawakuridhika na namna ulivyosikika, wakamwita Barry aupange upya. Gitaa lilipigwa na Vic Flick.

Kwa miaka mingi watu walisema mtunzi wa kweli ni Barry, na yeye mwenyewe alisema hivyo. Norman alilishtaki gazeti la Uingereza lililochapisha madai hayo, akashinda mwaka 2001 na kulipwa fidia ya pauni 30,000. Barry alitoa ushahidi upande wa gazeti.

Kwa maoni yangu swali lenyewe linawabana watu wachague mmoja pasipo na ulazima. Wimbo wa gitaa ni wa Norman, mahakama imeshasema. Lakini zile tarumbeta zinazopiga kelele, jazi ile ya katikati na hisia ya mtu hatari anayeingia chumbani akiwa amevaa suti ni kazi ya mpangaji. Anayefanya muziki anajua kwamba upangaji unaweza kuokoa wimbo au kuuzika.

Filamu zake za Bond ni zipi?

*From Russia with Love* (1963), *Goldfinger* (1964), *Thunderball* (1965), *You Only Live Twice* (1967), *On Her Majesty's Secret Service* (1969), *Diamonds Are Forever* (1971), *The Man with the Golden Gun* (1974), *Moonraker* (1979), *Octopussy* (1983), *A View to a Kill* (1985) na *The Living Daylights* (1987). *Dr. No* haihesabiwi, kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. Wimbo wa *A View to a Kill*, alioutunga pamoja na kundi la Duran Duran, ulifika namba moja Marekani.

## Kenya, na Afrika kwa jumla

Born Free ilimletea nini?

Tuzo mbili za Oscar kwa mpigo: ya muziki wa filamu, na ya wimbo, ambao maneno yake yaliandikwa na Don Black na kuimbwa na Matt Monro. Filamu hiyo ya 1966 inasimulia habari za Joy na George Adamson na simba wao Elsa, waliyemlea tangu akiwa mtoto kisha wakamrudisha porini. Kaburi la Elsa liko katika Hifadhi ya Taifa ya Meru.

Cha ajabu ni kwamba wimbo huo ulikaribia kupotea. Uliondolewa kwenye filamu ilipozinduliwa. Baadaye mpiga piano Mmarekani Roger Williams akaurekodi kwa namna yake, ukauzika sana Marekani, ndipo ukarudishwa mahali pake.

Kwa nini muziki wa Out of Africa hauna ngoma wala marimba?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huulizwa kwa hasira.

Mwongozaji Sydney Pollack alikuwa na wazo hilohilo la ngoma. Wakati wa kuhariri aliweka muziki wa asili wa Kiafrika chini ya picha, akaona ndivyo ipasavyo. Barry alipoitwa alimpinga. Hoja yake ilikuwa kwamba filamu haisimulii Afrika. Inasimulia mapenzi ya watu wawili wa Ulaya walioko Afrika, na kila tunachokiona tunakiona kwa macho ya mwanamke anayekumbuka shamba alilolipoteza. Muziki, basi, uwe wa moyo wake. Pollack alikubali.

Naona Barry alikuwa sahihi kuhusu filamu ile. Karen Blixen wa kwenye skrini ni Mdenmaki anayeitazama Ngong kwa mbali, kwa upendo na kwa majonzi, na fidla zile zinasema ukweli huo. Angeweza kuchukua njia rahisi iliyozoeleka Hollywood, ya kupiga ngoma za kubuni kila inapoonekana savana, na kazi hiyo ingetudhalilisha zaidi.

Lakini uamuzi ule ulikuwa na gharama, na Mkenya anayeihisi hakosei. Farah, msimamizi wa nyumba ya Karen, na Kamante, mpishi wake, wapo kwenye picha muda mrefu. Wanasema, wanapika, wanaugua, wanaagana na bibi yao. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye wimbo wake. Okestra nzima imesimama upande wa mgeni. Filamu iliyochagua kusimama kwa akina Farah ingehitaji muziki mwingine kabisa, na pengine mtunzi mwingine.

Basi hamna muziki wa Kiafrika hata kidogo?

Upo kidogo. Katika safari ya Karen mnaingia wimbo uitwao "Siyawe", uliopangwa na George Senoga-Zake. Huyu ni mwanamuziki mzaliwa wa Uganda aliyefanya kazi Kenya, na alikuwa mmoja wa watu watano wa tume iliyotayarisha wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, ule uliojengwa juu ya wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo. Jina lake halitajwi ipasavyo watu wanapoizungumzia filamu hii.

Ile klarineti inayosikika kwenye gramafoni ni ya Barry?

Hapana, ni ya Mozart: konseto yake ya klarineti ya mwaka 1791, sehemu ya polepole. Denys, mpenzi wa Karen, anamletea gramafoni, na baadaye wanawapigia nyani muziki huo porini. Watu huchanganya kwa sababu Barry aliuacha muziki wake uwe na upole uleule, ili wa Mozart usisikike kama mgeni.

Nikitaka kusikiliza sehemu moja tu, niichague ipi?

Ile ya ndege. Denys anamrusha Karen kwa ndege ndogo ya mabawa mawili, isiyo na paa. Yeye ameketi nyuma, Karen mbele. Muziki hauanzi kwa kishindo. Unaingia chini ya mngurumo wa injini, kisha ardhi inapofunguka, mito, mabonde, kundi la heroe wakiruka juu ya maji, fidla zinapanda na sauti za kwaya isiyo na maneno zinaingia nyuma yake. Karen ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, Denys anaushika.

Angalia kwamba hapo hakuna mazungumzo. Mwongozaji ameiacha filamu mikononi mwa mtunzi kwa dakika kadhaa, naye anazitumia bila kuharakisha hata noti moja.

Alitunga filamu nyingine za Afrika?

*Zulu* (1964), iliyopigwa Afrika Kusini na kusimulia mapigano ya Waingereza na Wazulu huko Rorke's Drift mwaka 1879. Filamu inapita saa mbili, lakini muziki wa Barry ndani yake ni wa dakika chache tu. Sehemu kubwa aliwaachia Wazulu wenyewe: nyimbo zao za vita, ngao zikigongwa, miguu ikikanyaga nyasi. Albamu ya filamu hiyo ina hata vipande vilivyojengwa juu ya ngoma za Kizulu.

Nawaomba wanaomlaumu kwa *Out of Africa* waisikilize hii kwanza. Alijua kunyamaza ili wengine wasikike.

## Tuzo, maradhi na miaka ya mwisho

Alishinda Oscar ngapi?

Tano: mbili za *Born Free*, kisha *The Lion in Winter*, *Out of Africa* na *Dances with Wolves*. Aliteuliwa pia kwa *Mary, Queen of Scots* (1971) na *Chaplin* (1992). Filamu za Bond hazikumletea hata uteuzi mmoja, jambo ambalo hadi leo naliona ni dhuluma. *Goldfinger* peke yake ilibadilisha namna filamu za kijasusi zinavyosikika. Uingereza ilimpa nishani ya OBE mwaka 1999, na BAFTA, taasisi ya filamu ya Uingereza, ikampa heshima yake ya juu mwaka 2005.

Ni kweli alikaribia kufa mwaka 1988?

Ndiyo. Alikunywa kinywaji cha kuongeza afya, kikampasua umio. Alifanyiwa upasuaji mara kadhaa, akakaa karibu miaka miwili bila kufanya kazi. Alipopata nafuu, kazi kubwa ya kwanza ilikuwa *Dances with Wolves* (1990) ya Kevin Costner, na hapo akafanya uamuzi uleule wa *Out of Africa*: aliandika kwa moyo wa mwanajeshi mzungu anayejikuta kwenye nchi ya Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, hakujaribu kuiga muziki wa Walakota. Lawama zilikuwa zilezile, na jibu langu ni lilelile lililo juu.

Kwa nini baadaye alitunga filamu chache?

Waongozaji wa miaka ya 1990 walitaka muziki unaofuata kila mkato wa picha, naye hakutaka kuandika hivyo. Alijitoa au kuachana na kazi kadhaa, ikiwemo *The Prince of Tides* na *The Horse Whisperer*, ambazo zilikamilishwa na wengine. Nguvu zake akazielekeza kwenye albamu zisizo na filamu, kama *The Beyondness of Things* (1998). Filamu yake ya mwisho ni *Enigma* (2001).

## Maswali ya pembeni

Ndiye John Barry aliyeshinda Oscar kwa Star Wars?

Siye. Yule alikuwa msanifu wa mandhari za filamu, Mwingereza pia, aliyefariki mwaka 1979. Muziki wa *Star Wars* ni wa John Williams. Majina haya matatu huchanganywa kila siku.

Alikuwa mume wa Jane Birkin?

Ndiyo, katika miaka ya 1960, kabla Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza, hajahamia Ufaransa na kuwa maarufu huko. Walizaa binti, Kate Barry, aliyekuwa mpiga picha na akafariki mwaka 2013. Barry alioa mara nne. Mke wa mwisho, Laurie, alikuwa naye kuanzia 1978 hadi kifo chake.

Naweza kuweka muziki wa Out of Africa kwenye video ya harusi au ya utalii?

Kwa kuitazama nyumbani na familia, hakuna atakayekufuata. Kwa kuiweka mtandaoni au kuiuza, unahitaji ruhusa mbili tofauti: ya mwenye haki za utunzi na ya mwenye rekodi. Kwa sheria ya Kenya na ya Tanzania utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kwa Barry maana yake ni hadi mwisho wa 2061. Uingereza ni miaka 70. Kwa vile mtandao unavuka mipaka, usitegemee muda mfupi wa hapa nyumbani.

Mozart ameshatoka kwenye ulinzi siku nyingi, lakini rekodi unayoisikia kwenye filamu ina mwenyewe. Kama ni klarineti tu unayoitaka, tafuta rekodi iliyoachwa huru, au mlipe mpiga klarineti akupigie na mwandikishane.